Skrubu Iliyopigwa Lakiri

Nisikilizeni, wanangu, na ninyi baba zangu mlioketi karibu na mlango kama watu wanaongoja basi.

Palikuwa na usharika mmoja milimani uliokuwa na gari kuukuu, lile la mgongo mrefu, la kulaza mgonjwa nyuma. Hospitali ilikuwa juu kileleni, na watu wengi waliishi chini tambarare. Mama akishikwa na uchungu huko chini, gari hilo ndilo lililompandisha. Bila hilo ni kitanda cha kamba, mabega ya wanaume wanne, na kona kumi na tisa.

Dereva wake alikuwa mwanamke, jina lake Nakundwa, na gari lile alilijua kwa pua. Lilikuwa na zile injini za zamani za kupulizia petroli kwa nozeli, zisizo na kompyuta ya kuzifikiria. Kuna skrubu moja ndogo, imejificha ndani ya tundu, ndiyo inayoamua petroli kiasi gani ikutane na hewa. Izungushe huku, petroli inazidi, gari linafuka moshi. Izungushe kule, hewa inazidi, injini inashinda na njaa. Marehemu baba yake, aliyekuwa fundi, alimwambia, "Binti yangu, chomoa plagi uitazame. Ikiwa nyeusi kama tako la sufuria, umeivimbisha injini. Ikiwa nyeupe kama chokaa, unaiua. Tafuta rangi ya karanga zilizokaangwa." Na Nakundwa alikuwa ameipata rangi hiyo. Gari likisimama lilinuka petroli kidogo, ni kweli. Lakini mlima lilipanda.

Basi ikaja habari ya wageni. Wageni wakubwa hao, wa kupokewa kwa matawi na kwaya tatu. Mwenyekiti wa kamati akapita uani, akanusa, akakunja uso.

"Gari hili linanuka. Tuwapakie wageni humu wavute petroli?"

"Mzee mwenyekiti," Nakundwa akasema, "likitembea halinuki."

"Wageni watalikuta limesimama!"

Akaitwa fundi. Akapenyeza kifunguo chake kirefu chembamba, akazungusha, akasikiliza, akazungusha tena. Harufu ikatoweka. Injini ikawa inanong'ona. Mwenyekiti akaweka gilasi ya maji juu ya boneti, maji yakatulia tuli, na wazee wakapiga makofi. Kisha akaamuru lile tundu lizibwe kwa lakiri, ile nta nyekundu ya kufungia bahasha za serikali.

"Atakayeigusa skrubu hii," akasema, "atajibu mbele ya kamati."

Nakundwa hakupiga makofi. "Mmelipima limesimama," akasema. "Kazi yangu mimi si ya kusimama."

"Mama, wewe endesha. Ufundi waachie mafundi."

Wakacheka. Fundi aliinamisha kichwa, akawa anafuta kwa kitambaa mikono iliyokwisha kuwa safi.

Wageni wakaja, wakapanda gari, wakasifu, wakaenda zao. Jumatano iliyofuata, jua la saa saba, Nakundwa akaitwa tambarare kumchukua binti mmoja, mimba yake ya kwanza, na mtoto amekaa vibaya tumboni. Mama mkwe akapanda naye. Kwenye njia iliyonyooka gari liliteleza kama limepakwa samli. Kona ya tano likakohoa. Kona ya saba likapiga pa! ndani ya matumbo yake, likazimika.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "gari lako linakohoa kuliko shangazi yangu mwenye pumu!"

"Lina njaa, mama. Limefungwa mdomo."

"Basi lifungue!"

"Wamekataza."

"Nani? Wako wapi?"

Nakundwa akatazama barabara. Juu hapakuwa na mtu, chini hapakuwa na mtu. Nyuma yake yule binti alikuwa ameng'ata pindo la kanga, halii tena, na kunyamaza kule ndiko kulikomtisha. Akashuka. Akafungua boneti. Lakiri aliivunja kwa bisibisi, akapenyeza kifunguo alichoachiwa na baba yake, akaongeza petroli kwa mzunguko mdogo, upana wa punje ya mtama. Akakichomoa, maana ukikisahau humo ukakanyaga mafuta, utavunja kilicho ndani. Akawasha. Bado. Akaongeza punje nyingine. Injini ikanguruma, moshi mweusi ukaruka nyuma, harufu ikajaa mpaka machozi.

"Linanuka!" mama mkwe akapiga kelele. "Linanuka, Bwana asifiwe, twende!"

Walifika. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, mzima, na mama yake mzima.

Jumamosi kamati ikaketi.

"Nani amevunja lakiri?"

"Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya kona ya saba."

"Usitufanyie mzaha, mama. Utaomba radhi."

"Siombi."

"Basi fundi ataifunga tena."

"Na aifunge. Lakini siku hiyo, mzee mwenyekiti, utapanda wewe, nyuma, chali, pale alipolala yule binti. Nami nitaivunja tena unanitazama. Ninyang'anyeni udereva, nitakuja kwa miguu niivunje!"

Fundi akaletwa. Akachomoa plagi nne, akazipanga kiganjani: zote rangi ya karanga zilizokaangwa. Kifunguo hakukitoa mfukoni.

"Siifungi," akasema. "Wazee wangu, siku ile nilipopunguza petroli, nilijua. Nilijua mlima halitapanda. Ila mlikuwa mmefurahi sana."

Sasa mbona mmenyamaza? Mlikuwa mkingoja mwenyekiti aaibishwe, sivyo? Nimewaona mnavyogeuza shingo kutafuta ni mzee gani humu ninayempiga kijembe. Mwacheni mwenyekiti. Yule alikuwa na pua tu, hakuwa na ufundi. Mimi nasema habari ya yule aliyejua! Alijua, na mkono wake ukazungusha. Alijua, na makofi yakamzidi nguvu.

Na huyo ni nani, kama si sisi? Binti wa jirani anaposwa na mwanamume tunayejua ngumi zake, nasi tunatwanga viungo vya pilau. Neno la Mungu linapunguzwa makali lisimguse mkubwa, nasi tunaitikia. Mjane anahamishiwa mpaka wa shamba, na aliyeona mti wa mpaka ukichimbuliwa anainama kufunga kamba za viatu. Hatukosi kujua, wanangu. Tunaogopa kuharibu furaha ya waliokaa mbele.

Mimi nakataa. Na ninyi kataeni. Watatuita wakaidi, tuitike kama ni jina la ubatizo. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke, ila itoke.

Humu ndani yuko mtu anayejua jambo, na huu ni mwezi wa tatu amelimeza. Simtaji. Nakaa kimya hapa nilipo, nimngoje asimame. Na amina siisemi mpaka asimame.