Kwa Nini Pimbi Hashuki Mtoni

Sogeeni. Na anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana nikianza sitaki kuona meno ya mtu.

Zamani Pimbi hakuishi kwenye mawe. Alikaa bondeni, akinywa mtoni pamoja na wenzake. Shida yake ilikuwa mdomo. Adhuhuri moja alijibanza kwenye kivuli cha Tembo, Tembo amesinzia, hana habari naye. Basi! Kuanzia hapo ikawa Tembo hiki, Tembo kile. "Mimi na Tembo tumetoka mbali," alisema. Wapi! Tembo hakulijua hata jina lake.

Ukaja ukame, mto ukabaki mchanga mtupu. Maji yalikuwa chini sana, na wa kuyafikia alikuwa Tembo peke yake. Lakini desturi ya enzi hizo ilikuwa kwamba huendi kwa mkubwa mpaka upate wa kukusemea. Swala alikuwa na mtoto mchanga, na maziwa yalikuwa yamemkauka. Akamwendea Pimbi.

"Kaka, nifikishe kwa Tembo. Mtoto ananifia."

"Ondoa shaka, dada. Tembo ni mtu wangu. Kesho utamwona hapa."

Kesho ikafika, Tembo hakutokea. "Ana wageni," Pimbi akasema. Keshokutwa yake, "Amesema umsubiri." Mwongo mkubwa! Hakuwa amepiga hata hatua moja kwenda huko. Angesema tu, "Simjui," Swala angejua la kufanya. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mwishowe Swala akaivunja desturi, akaenda peke yake. Tembo alimsikiliza, akashangaa. "Pimbi ndiye nani? Na tangu lini mwenye kiu akahitaji mtu wa kumsemea kwangu?" Akaja mbio, akachimba, maji yakatoka. Swala akakimbilia kichakani kwa mtoto wake, akamkuta ameshakata roho.

Hakupiga kelele. Alimfuata Pimbi mbele ya wanyama wote, akamwambia, "Maji yapo. Njoo unywe, kisha uniambie yana ladha gani."

Pimbi hakuweza kumtazama. Alikimbia, akajichimbia majabalini.

Na tangu siku hiyo kila mwenye shida huenda kusema mwenyewe. Pimbi naye huishi kwenye nyufa za mawe, na kiu yake huikata kwa majani anayotafuna. Mto hata ufurike, hashuki. Jua likizama mtamsikia akipiga mayowe huko juu, na watu humwonea huruma.

Mimi simwonei.