Kibuyu cha Mtama Mwekundu

Kufunika si kuziba. Jirani amewaambia hivyo asubuhi mlipokuwa mnaweka kunde kwenye debe, nanyi mkacheka, mkaja kuniuliza kuna tofauti gani. Kaeni basi. Watu hudhani msemo huu ni wa kale sana. Si wa kale. Ulizaliwa nyumbani kwetu, nami nilikuwepo, nikiwa na miaka minane, na chanzo chake ni hiki.

Bibi yangu mzaa baba aliitwa Nyemo. Alikuwa na mbegu ya mtama mwekundu, mfupi wa bua, uliokomaa upesi hata mvua ikikatika mapema. Kila mwaka aliwagawia majirani bakuli moja moja. Sasa mwaka huo mvua ilikuwa mbaya, watu wakala kila walichokuwa nacho, hata mbegu. Ikabaki mbegu ya bibi peke yake, nayo ilijaa kibuyu kimoja tu.

Mbegu ilihifadhiwa hivi. Unakausha kibuyu, unatia nafaka mpaka shingoni, unachomeka gunzi mdomoni. Halafu unachanganya majivu na mavi mabichi ya ng'ombe, unakandika juu ya gunzi na shingo yote mpaka hewa ikose pa kupita. Fukusi, yule mdudu atoboaye nafaka, akikosa pumzi hufa humo humo. Kazi hiyo bibi alikuwa akiifanya mwenyewe, lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu na mikono inatetemeka. Akamwita mkwewe Mbeleje, ndiye mama yangu, akamwambia, "Mwanangu, mwaka huu ziba wewe."

Mama akachomeka gunzi. Akatafuta mavi mabichi, hakuna. Baba alikuwa amepeleka ng'ombe wetu mbali kutafuta majani. Nyumba ya karibu yenye ng'ombe ilikuwa ya Mama Chilewa, na mama alikuwa amegombana naye juzi yake kisimani. Mama aliweka ndoo yake mbele ya foleni, Mama Chilewa akamuuliza mbele ya watu, "Mbeleje, kwenu maji mnayakimbilia kama mbuzi?" Wanawake wakacheka. Mama alirudi na ndoo nusu.

Basi akaona aende kuomba mavi kwa mtu aliyemwita mbuzi? Alikata kipande cha kanga, akakizungusha juu ya gunzi, akafunga kamba mara tatu kwa meno na mikono. Nilimshikia kibuyu. Aliniambia, "Ng'ombe wakirudi nitakikandika." Kisha akakipandisha darini.

Bibi alimuuliza, "Tayari?"

"Tayari, mama."

Hakupanda kuangalia. Kwetu, kukagua kazi ya mkwe ni kumtukana. Na ng'ombe waliporudi, mama alikuwa na mambo mengine.

Njaa ilipofika mwezi wa kumi, tulikuwa tunakula mboga ya mlenda mtupu. Mdogo wangu alikuwa analia mpaka sauti inakauka. Baba mwenyewe alimwambia bibi, "Mama, tutoe hata bakuli moja." Bibi akajibu, "Tukikila kibuyu kile tumekula na mwaka ujao." Mdogo wangu akaendelea kulia. Mama naye alisema, "Mama anasema kweli, tuvumilie." Hilo ndilo neno lililomuuma baadaye kuliko yote.

Mvua ikanyesha. Asubuhi yake wanawake wakaja uani na mabakuli, Mama Chilewa akiwa mmoja wao. Baba akakishusha kibuyu. Nilimwona akikipima mkononi mara mbili, kwa sababu kilikuwa chepesi.

Bibi akakipokea. Vidole vyake vikapapasa shingo, vikakuta kitambaa. Vikasimama hapo. Akafungua kamba, akachomoa gunzi, akainamisha kibuyu juu ya ungo. Ulimwagika unga wa kijivu, na fukusi wakitembea ndani yake.

"Ulifunika," bibi akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nilikuambia uzibe."

"Nilikaza sana, mama. Nilikaza kwa meno."

"Fukusi hajui kukaza. Kitambaa kinazuia panya na macho ya watu. Kufunika si kuziba, mwanangu."

Mama akaeleza habari ya mavi, kwa sauti ndogo, akitazama chini. Mama Chilewa akaweka bakuli lake chini. "Mbeleje," akasema, "mavi ya ng'ombe ndiyo ya kunionea haya? Ng'ombe wangu walikuwa wanakunya mpaka mlangoni. Ungemtuma hata mtoto." Hakuwa anamcheka. Alikuwa analia.

Bibi alichambua unga ule kutwa nzima kwa vidole, akitafuta punje iliyo nzima. Jioni akamwambia baba, "Bora tungekula." Hakusema tena habari hiyo.

Tulipanda mtama mweupe tulioletewa kutoka mbali. Ulichelewa, ndege wakaupenda. Ule mwekundu sijauona tena mpaka leo, na nimeulizia kwa wengi.

Ndiyo maana mtu akifanya kazi nusu na kusema tayari, huku kwetu huambiwa maneno hayo. Wengine wanasema hata ugomvi ni hivyo hivyo, na mimi nakubali, maana ule wa kisimani nao ulikuwa umefunikwa tu.

Kila mavuno baada ya hapo mama alikwenda mwenyewe kwa Mama Chilewa kuomba mavi, hata tukiwa na ng'ombe wetu zizini. Alikandika kibuyu mara mbili, kisha akakipeleka kwa bibi, akauchukua mkono wake na kuuweka juu ya shingo ya kibuyu. Bibi alikuwa haombi kukagua. Alipapasa taratibu, kote kote, akasema, "Umeziba." Mama alisimama pale akingoja, labda neno jingine. Halikuja. Ndani mlikuwa na mtama mweupe.

Haya, rudini kwenye debe lenu la kunde. Kufunika si kuziba.