Hina ya Bwana Didimiza

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona sauti zenyewe kama za wagonjwa? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Wa nyuma acheni kutafuna, mbele huku kuna mtu anaota ndoto za kuliwa.

Hapo kale, kabla babu wa babu wa simba hajaota ndevu, dunia ilikuwa ya mijusi wakubwa, wale tunaowaita dinosaria. Na mkubwa wa wakubwa alikuwa Bwana Didimiza. Akitembea, ardhi inalia: didi! didi! didi! Meno yake msiniulize. Lakini kilichowatia wenzake homa si meno, ni mikono. Bwana Didimiza alikuwa na mikono mirefu ajabu. Akisimama wima, kucha zinaburura chini.

Mnacheka nini? Mmeiona ile mikono midogo ya kwenye picha? Tulieni basi, ndiko tuendako.

Wenzake wote wakifika mlangoni hupiga hodi. Mara ya kwanza hodi, mara ya pili hodi, mara ya tatu hodi, asipojibiwa mtu anajiondokea zake. Bwana Didimiza hana habari hiyo. Hodi yake ni mkono. Anauingiza shimoni mpaka begani, papasa, papasa, papasa... nyaku! Unatoka na yai. Au unatoka na mtoto wa mtu.

Chini ya jabali moja aliishi Bi Sange. Sange mnamjua? Yule mdogo kama panya, ila pua ndefu, kama aliyevutwa pua siku ya kuzaliwa akasahauliwa kuachiwa. Alikuwa na watoto wanne, na hakuwa na kingine duniani. Asubuhi moja walikuwa wanakunywa uji, mara giza mlangoni. Papasa, papasa, papasa. Watoto wakajibanza nyuma kabisa, ukutani. Kucha ikamgusa kitinda mimba mkiani, ikaondoka na manyoya.

"Leo nimeshiba," ikasema sauti huko nje. "Nilikuwa napima tu. Keshokutwa nakuja na njaa yangu yote."

Didi! didi! didi! Akaenda zake.

Bi Sange akalia. Alilia kweli, wala hakujificha. Kisha akapangusa pua, na kwa pua ile ilichukua muda. Akautazama ukuta wa shimo: jiwe tupu, haliongezeki hata inchi. "Sawa," akasema. "Kama shimo halirefuki, basi mkono ufupike."

Kesho yake akajifunga kanga, akajitanda nyingine, akaenda mwenyewe kwa Bwana Didimiza.

"Hodi! Hodi!"

"Nani huyo anayejileta na mguu wake?"

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Ni mimi, mshenga."

Mkono uliokuwa tayari hewani ukasimama. Mtu hali mshenga. Akimla, nani atarudisha jibu?

"Marahaba. Mshenga wa nani?"

"Wa Bi Zumaridi, wa ng'ambo ya mto. Alikuona ukinywa maji. Tangu siku hiyo hali, halali."

Bwana Didimiza akakaza shingo ili kidevu kionekane vizuri. "Nilikuwa nakunywaje?"

"Kwa madaha, Bwana. Amesema huyo ndiye, hana mwingine. Ila kwao kuna desturi. Bwana harusi hupakwa hina mikono yote miwili, kutoka kucha mpaka bega. Ikikolea, harusi. Isipokolea, wanampa jirani."

"Jirani gani?" akanguruma. "Nipake! Nipake sasa hivi!"

Basi ikatwangwa hina: tuku! tuku! tuku! Ikakamuliwa ndimu: chuu! Wadogo wote wa bonde wakaja kupiga vigelegele, na wengine walikuwa hawajawahi kumsogelea isipokuwa kwa kukimbia upande mwingine. Wakamkunja mikono kifuani, wakaipaka, wakaifunga kwa majani, wakaikaza kwa kamba za mwituni, zunguka na zunguka.

"Usikunjue, Bwana," akasema Bi Sange. "Ukikunjua, hina inapasuka, tunaanza upya."

"Na nitakulaje?"

"Ala! Bwana harusi gani anakula kwa mkono? Inamisha kichwa, kula kwa heshima."

Keshokutwa ikafika. Njaa ilikuja, mwenye njaa hakuja, kwa sababu bwana harusi hatembeitembei. Akamwita Bi Sange.

"Imekolea?"

Bi Sange akainua jani moja, akachungulia. "Imeshika, Bwana, lakini haijakolea."

Mwezi ukaandama, mwezi ukafa. Bwana Didimiza akala kwa kichwa, am! am! am! Kichwa kikanenepa kwa kazi.

"Imekolea?"

"Imeshika, Bwana, lakini haijakolea. Vumilia, mwenzako anakuulizia kila siku."

Ikapita masika, kikapita kiangazi. Binamu zake wakubwa wakubwa wakapita kumsalimu, wakamkuta anasifiwa, anaimbiwa, ananusa udi. Wivu ukawashika. "Sisi hatuna mikono?" wakasema. "Na sisi tupakwe!" Bi Sange hana choyo. Waliotaka, wakapakwa, wakafungwa, wakapangwa mstari. Waliosema hina inawawasha wakaenda zao na mikono yao, ndiyo maana si wote waliopatwa na yatakayotokea.

"Imekolea?"

"Imeshika, Bwana, lakini haijakolea."

"Mwaka wa ngapi huu?"

"Kwani harusi ya haraka ni harusi?"

Akarudi kunusa udi wake.

Miaka ikaenda, hata mimi sikuihesabu. Siku moja udi ukamwingia puani. Haa... haa... chyaaa! Kamba zote zikakatika, pa! pa! pa! Majani yakapukutika. Bwana Didimiza akatazama kifuani. Lahaula! Hina nyekundu, inang'aa, imeshika barabara.

"Imekolea!" akapiga kelele. "Jamani, imekolea!"

Akataka kupangusa pua kwa furaha. Mkono haukufika. Akainamisha kichwa. Haukufika. Akapinda shingo mpaka ikalia ko! Bado haukufika. Akatazama tena vizuri. Ile mikono ya kuburura chini ilikuwa imesinyaa kwa kukaa bure, imebaki miwili mifupi, kucha mbili mbili, inapepea kifuani kama inayoaga.

"Bi Sangeee! Mikono yangu iko wapi?"

"Si hiyo hapo, Bwana? Na imependeza."

"Na iliyobaki?"

"Ndiyo iliyoliwa na hina. Nilikwambia vumilia, sikukwambia vumilia mpaka hapo."

Hapo Bwana Didimiza akaona yote: mshenga, mto, Bi Zumaridi na jirani yake. Akaruka. Bi Sange akaruka pia, kanga moja huku, kanga nyingine kule. Didi! didi! didi! na nyuma yake chiri-chiri-chiri, la, nimekosea, chiri-chiri ilikuwa mbele, vinginevyo hadithi ingeishia hapo. Bi Sange akazama chini ya jabali.

Bwana Didimiza akapiga magoti, akabandika shavu kwenye jiwe, akaingiza mkono. Papasa... hewa. Akasukuma na bega. Papasa... hewa. Akaingiza kichwa, kichwa kikakataa mlango. Ule mkono ukabaki kizingitini, unachezesha kucha zake mbili.

Watoto wanne wakatoka ukutani. Walikuwa wamekua wakubwa, na hawakuwahi kuuona mkono ule bila kukimbia. Wakausogelea polepole. Wakajipanga mstari mlangoni mwao wenyewe, wakasema kwa pamoja:

"Shikamoo, bwana harusi!"

Na kwa kuwa salamu ni salamu hata ukiwa na hasira, ikasikika sauti nzito, ya huzuni, kutoka nje:

"Marahaba."

Akainuka, akajikung'uta magoti, yaani alitaka kujikung'uta, akaenda zake. Na Bi Sange, aliyekuwa hajacheka tangu mwanawe aguswe mkia, alicheka mpaka akakaa chini.

Basi, hadithi yangu imelala hapo. Kama imewachangamsha, nendeni nayo. Kama imewachosha, mrudishieni shangazi yangu aliyenipa, lakini anaishi mbali na hapendi wageni.

Na funzo lake ni hili: uongo haufai, wanangu. Bi Sange alidanganya, na tazameni yaliyompata: alilala usingizi wake, wanawe wakanenepa, bonde zima likamheshimu. Msimwige. Siku mkubwa akiingiza mkono nyumbani kwenu bila hodi, kuweni wakweli. Mwambieni watoto wamejibanza pale, upande wa kulia.