Gari Lililozima Mlimani

Wapendwa, nipeni masikio kidogo. Palikuwa na bwana mmoja aliyerithi gari la zamani la baba yake, na alilipenda mno. Mama yake alikuwa amepona ugonjwa mrefu, na Jumapili moja alitaka kwenda kanisani kutoa shukrani. Bwana akasema, mama ataenda kwa gari la baba. Akalipiga rangi mpya. Hakuishia kwenye bodi. Alifungua boneti akang'oa na kupuliza rangi hata distribyuta, kile chombo kinachogawa moto kwa plagi. Ndani na nje, mradi ing'ae. Mdogo wake akamsaidia kuirudisha mahali pake.

Asubuhi wakaondoka. Mama mbele, mdogo mtu nyuma, majirani na wanakwaya wakifuata kwa magari mengine. Katikati ya mlima gari likakohoa, likazima. Akapiga stata, wapi! Msafara mzima ukasimama, watu wakateremka kutazama.

Yule bwana akaona haya. Na sisi tukiona haya, si huwa tunatafuta wa kumtwika? Akamgeukia mdogo wake mbele ya wote.

“Wewe ndiye wa mwisho kugusa injini! Tangu baba aniachie gari hili, roho inakuuma.”

“Kaka, mbele ya mama?”

“Shuka! Sitaki kukuona.”

Akashuka, akaupanda mlima kwa miguu na suti yake.

Bwana akafungua kifuniko cha distribyuta. Mna waya mdogo mle, umefungwa kwa skrubu kwenye chuma. Huo ndio njia ya umeme kurudi, mafundi huuita waya wa ethi. Chuma kisipogusana na chuma, hakuna cheche. Chini ya ule waya alikuta nini? Rangi. Rangi aliyoipuliza mwenyewe. Nyumbani waya ulikuwa ukigusa kwa shida, mtikisiko wa barabara ukamaliza. Akakwangua kwa kisu, akakaza skrubu. Gari likawaka.

“Ilikuwa nini?” jirani akauliza.

“Kitu kidogo tu. Nimeshamaliza.”

Mmesikia? Kitu kidogo! Mbele wakamkuta mdogo wake anatembea vumbini.

“Simama umchukue,” mama akasema.

“Mama, nikisimama litazima tena.”

Alijua anadanganya. Akampita. Macho yao yakakutana dirishani, na kaka ndiye aliyeyakwepesha.

Kanisani mama akaitwa mbele. Akasema, “Nataka wanangu wote wawili wasimame nami.” Akasimama mmoja. Kanisa likangoja. Ndipo mlango ukafunguka, mdogo akaingia, jasho linamtiririka, akaja moja kwa moja mpaka mbele, akainamisha kichwa.

“Shikamoo, kaka.”

Ndugu zangu, marahaba ni neno gumu? Siku ile lilimshinda kaka. Akanong'ona, “Si wewe. Ni mimi niliyekosea. Nimejua tangu kule mlimani.”

Mama akamshika mkono. “Sema wasikie. Yale ya kwanza uliyasema wakisikia.”

Akasema tena, kwa sauti, na wale waliomwona akifoka barabarani wakamwona akilia.

Sasa tuseme yeye tu? Sisi nasi tumo. Tunamchafua mtu hadharani, halafu tukigundua kosa ni letu tunalitengeneza kimyakimya, safari inaendelea. Mwenzetu tunamwacha na aibu isiyo yake. Wengine tukijikaza sana tunamwomba radhi pembeni, jikoni, asisikie mtu. Kisha tunakuja hapa kuimba kwa sauti zote nne.

Kuna mtu ulimkosea watu wakisikia. Unasema humkumbuki? Unamkumbuka. Usiniangalie mimi. Angalia pale anapokaa siku zote; na kama leo hayupo, jiulize ni nani aliyemfanya asije.