Pimbi na Uji wa Nyani

Nimeleta ngano!
Ishushe!
Niishushe wapi?
Hapa katikati yetu!

Basi, Pimbi alikuwa na mwana mmoja. Mwana huyo alikula mapera mabichi, tumbo lake likaanza kunguruma, guru-guru-guru! Akipewa kunde, anatapika. Akipewa muhogo wa kuchoma, anatapika. Akawa mwepesi kama jani kavu.

Bibi yake mtoto akamwambia Pimbi, "Mwanangu, tumbo lililochafuka halitaki vita. Litafutie uji mwepesi wenye chumvi kidogo, na ndizi mbivu. Ukichelewa, huyu tutamzika."

Lakini mtama wote na ndizi zote zilikuwa kwa Nyani. Alikuwa amevuna mashamba ya wenzake kwa nguvu. Pimbi akatia kibuyu begani, akakimbia, tiki-tiki-tiki, mpaka kwa Nyani. Akamkuta ameketi mkekani, chungu cha uji wa moto mbele yake, mkungu wa ndizi ubavuni, na ngedere, watumishi wake, wamemzunguka.

"Shikamoo, Bwana Nyani."

"Marahaba. Unataka nini, kidude wewe?"

"Naomba uji kidogo na ndizi moja. Mwanangu anaumwa tumbo."

"Mpeni mawe! Si mnaishi kwenye mawe?"

Ngedere wakacheka, kwe-kwe-kwe!

Pimbi akatazama njia ya nyumbani. Akatazama chungu. Akatazama njia tena. Miguu yake haikutulia.

"Haya, Bwana," akasema. "Nilidhani wewe ndiye mwenye tumbo gumu porini humu. Kumbe ni Ngiri. Jana kamaliza kapu zima la mapera mabichi, na pilipili juu."

"Ngiri? Yule mchimba matope? Leteni makapu mawili!"

Nyani akala, karu-karu-karu! Akashushia na pilipili. Hakukaa sana, tumbo likamjibu: guru-guru-guru!

Sasa, kwa kina Nyani kulikuwa na desturi. Mkubwa akienda kichakani kujisaidia, ni aibu kumwona. Wote hugeuka, hufumba macho, huimba kwa sauti ili wasisikie kitu, mpaka arudi na kukohoa.

"Geukeni!" Nyani akapiga kelele, akakimbia.

Ngedere wakageuka, wakafumba, wakaimba, "Mkubwa yupo, mkubwa hayupo, sisi hatujui!"

Pimbi naye akageuka. Akageukia ndizi. Akachuma moja, tiki-tiki-tiki, akaificha nyuma ya jiwe.

Nyani akarudi, akakohoa. "Nani kachukua ndizi yangu?"

"Hatujui, Bwana. Tulikuwa na adabu."

Guru-guru-guru! "Geukeni!"

Ngedere wakageuka, wakafumba, wakaimba. Pimbi akachuma nyingine, tiki-tiki-tiki.

Nyani akarudi amelowa jasho. "Na nyingine imekwenda! Safari hii mlinde!"

"Tulinde na macho, Bwana?" akauliza ngedere mzee. "Tukifumbua tutakuona."

"Basi msifumbue!"

"Tusipofumbua tutalindaje?"

"Fumbueni! Hapana, fumbeni! Ngojeni..." Guru-guru-guru!

Nyani akaona heri abebe mali yake mwenyewe. Chungu kilikuwa cha moto, hakishikiki. Akakumbatia mkungu wa ndizi, akakimbilia kichakani huku amejipinda. Ngedere wakaimba. Pimbi akachota uji, akajaza kibuyu, akazoa ndizi zake nyuma ya jiwe, tiki-tiki-tiki mpaka nyumbani.

Mtoto akanywa funda moja. Wakangoja. Hakutapika. Akanywa funda jingine. Akamegewa kipande cha ndizi. Tumbo likanguruma kidogo, guru... likanyamaza. Akalala. Alipoamka akauliza, "Mama, kuna kunde?" Bibi yake akamzaba kikofi cha mgongo kwa furaha.

Na Nyani? Yuko kichakani. Mkono mmoja umeshika ndizi, wa pili umeshika tumbo, hana wa kumenyea. Hajakohoa bado, kwa hiyo ngedere wanaimba, na sauti zimewakauka.

Ngano yangu imetoka kinywani, imeingia masikioni mwenu. Funzo lake ni hili: mwenye adabu hupata, asiye na adabu hukosa. Pimbi hakuwa na adabu, akakosa... alikosa nini sijui, maana mwanawe alipona. Lakini nyinyi mkiambiwa fumbeni macho, fumbeni. Na kama chungu kiko karibu, fumbeni moja.