Ufunguo Shingoni mwa Askari

Siku ya kumi ya mwezi wa Novemba, mwaka ambao liwali mpya wa Kirumi aliingia jimbo la Pisidia, kulipambazuka kwa ukungu mzito na theluji nyepesi juu ya vilele vya milima ya Tauro. Askari Dizas alimtoa mfungwa wake gerezani ili ampeleke kwa liwali akahukumiwe, akajifunga naye kwa mnyororo mmoja, mkono kwa mkono. Ufunguo aliuvaa shingoni kama hirizi, kwani sheria haikuwa na huruma: mfungwa akitoroka, kichwa cha mlinzi ndicho fidia.

Mfungwa huyo, Artemoni, alikuwa mhubiri wa Kristo. Alizaliwa mtumwa, akaachwa huru uzeeni, na mgongo wake ulibeba makovu ya magereza ya miji mingi. Nyuma yao alifuata Nana, mwanafunzi wake, mfumaji wa sufu. Alibeba mikate na zeituni, maana gereza halikumlisha mtu.

"Kazana, mtoto wa mjakazi!" Dizas alimkejeli. "Miguu hiyo umeiazima?"

"Polepole, mwanangu," mzee akacheka. "Mnyororo una ncha mbili. Hata wewe umefungwa."

"Mimi ni askari wa Kaisari! Mtumwa hana neno wala heshima. Nikikulegezea kidogo tu, utatimka kama sungura."

Walipofika mtoni walikuta daraja limezolewa na mafuriko. Wakaingia majini. Katikati Dizas aliteleza, akagonga kichwa kwenye jiwe, na mto ukamchukua kama unyasi. Mnyororo ukakaza. Mzee akashika mzizi wa mti, kifundo cha mkono kikivuja damu, mpaka Nana akamsaidia kumburuta askari hadi ng'ambo.

Dizas alilala kama gogo. Viungo vilikufa ganzi, ulimi ukawa mzito, ila masikio yalisikia. Alihisi kamba ya ufunguo ikivutwa shingoni. Kufuli likalia. "Nimekwisha," aliwaza.

"Kimbia, baba!" Nana alisihi huku akilia. "Mungu amekufungulia mlango!"

"Mlango wa Mungu haupiti juu ya shingo ya mtu, binti yangu. Nimefungua nipate mikono miwili ya kumkanda. Lete kuni."

Kisha moto, joho kavu kutoka furushi la Nana, na mikono ikimsugua kama mama amkandavyo mwanawe. Ikafuata sala ya chini chini iliyotaja jina lake. Hakuna aliyewahi kumwombea Dizas.

Kufuli likalia tena. Akafumbua macho. Pingu ilikuwa imerudi kwenye mkono uliochubuka wa mzee, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa askari. Dizas akashikwa na hofu, kama mtu aliyejikuta patakatifu na viatu vyake vichafu.

Kesho yake barazani, liwali alisema, "Mashahidi wamezuiwa na theluji. Mtupeni shimoni, miguu kwenye mkatale, hadi baridi iishe."

Nana akajifunika uso. Shimo lile halikumrudisha mzee yeyote.

"Mheshimiwa," Dizas akajitokeza, "naomba akae nyumbani kwangu."

Watu wakaangua kicheko. "Mtumwa yule?" liwali akauliza. "Nani atamdhamini kwa shingo yake?"

Dizas akauvua ufunguo, akauweka kiganjani mwa Artemoni. Kicheko kikakatika.

"Mimi. Mbele yenu nyote naahidi: siku atakayoitwa, atasimama hapa. Asipokuja, kateni shingo hii. Ninyi mnauliza alizaliwa na nani. Mimi nimeona alichotenda. Muungwana ni kitendo."