Swali Alilolificha Wakesho

"Mficha swali mwisho huficha uso." Mmeisikia asubuhi kwa fundi cherehani, akiambiwa yule kijana anayejigamba kwamba amepata kazi Uarabuni, na sasa mmekuja kuniuliza ni wahenga gani waliosema hivyo. Si wahenga. Wa kwanza kuisema ni mdogo wangu Wakesho, na siku hiyo nilikuwapo. Methali hii ilianza hivi. Mnivumilie tu, maana kuna mahali nitajitaja mwenyewe, na si kwa sifa.

Wakesho alikuwa mpishi katika shule ya bweni huku kwetu milimani, Taita. Alikuwa akipikia watoto mia tatu, na sijapata kusikia hata mmoja akilalamika kwamba maharagwe yake hayakuiva. Lakini alikuwa na miaka thelathini, na kila alipoangalia mbele aliona sufuria zilezile. Akatamani kwenda kupika ng'ambo, kwenye jiko kubwa la hoteli au hospitali, aone dunia nyingine kidogo.

Wakati huo Mwalimu Mwandoe alikuwa amestaafu. Huyu ndiye aliyetufundisha kwaya parokiani, mimi na Wakesho na karibu kila mtu mnayemwona leo ana mvi. Alifungua ofisi mjini Wundanyi, akaandika mlangoni kwamba anapeleka watu kazini nchi za nje. Hakuna aliyemtilia shaka. Mtu aliyekuandikia barua ya kuingia sekondari, aliyesimama kando ya kaburi la baba yako akaongoza wimbo, utamwambiaje akuonyeshe leseni?

Wakesho akaenda kupimwa afya katika zahanati ya misheni. Aliyempima ni Sista Ligaya, mtawa Mfilipino aliyekuwa amekaa nasi miaka mingi hata akajua kukaripia watu kwa Kitaita. Aliposikia habari ya safari aliweka kalamu chini.

"Kwetu Ufilipino," alisema, "ni vigumu kupata nyumba isiyo na mtu wake ng'ambo. Dada yangu alipelekwa na wakala wa uongo. Miezi saba hatukujua yuko wapi. Sasa nisikilize. Usitie sahihi kabla hujajua jina la mwajiri wako na hujasoma mkataba kwa lugha unayoielewa. Tena uende ofisi ya serikali inayoshughulikia ajira, uwaulize kama huyo wakala ana leseni, na kama hiyo kazi yenyewe imeandikishwa kwao."

"Wakala mwenyewe ni Mwalimu, Sista," Wakesho akasema.

"Basi ni rahisi zaidi. Muulize. Wakala mwema hachukii kuulizwa."

Wakesho alinisimulia hayo tukiwa njiani kwenda Wundanyi siku ya kutia sahihi. Mimi nilikwenda kama mkubwa wake, kwa sababu mama yetu hakuweza tena kutembea mbali. Nikamwambia yule Sista ana maneno mengi.

Mwalimu alitupokea kwa chai. Akamwekea Wakesho karatasi mbele yake, nne hivi, zote zimeandikwa Kiarabu. Wakesho akazigeuza, akazigeuza tena.

"Mwalimu," akaanza, "hapa panasema…"

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Ndiyo, mimi. Niliona jinsi Mwalimu alivyoacha kutabasamu, nikaogopa tutaonekana watu wa kushuku, watu wasio na shukrani.

"Una swali, Wakesho?" Mwalimu akauliza kwa ile sauti yake ya darasani.

Wakesho akaniangalia. Kisha akaangalia karatasi.

"Sina, Mwalimu."

Akatia sahihi mahali pote alipoonyeshwa.

Mwezi mmoja baadaye aliacha kazi ya shule, na Jumapili ya mwisho padre akamwita mbele ya altare. Kwaya iliimba. Mama alibebwa kwenye kiti hadi mlango wa kanisa ili amwekee binti yake mkono kichwani. Watu wakamvika mashada ya maua shingoni mpaka kidevu kikapotea.

Kule uwanja wa ndege Nairobi, afisa wa uhamiaji, mwanamke wa makamo, alifungua pasipoti yake akauliza anakwenda kufanya nini.

"Kazi ya upishi."

"Viza hii ni ya matembezi, mama. Mwajiri wako anaitwa nani?"

Wakesho hakujua.

"Ni hotelini au nyumbani kwa mtu?"

Hakujua. Nyuma yake watu walikuwa wamepanga foleni, wengine wakaanza kuguna. Afisa akazisoma zile karatasi za Kiarabu, maana alikuwa anakijua. Akamwambia pale hapana hoteli. Ni mkataba wa kufanya kazi za ndani katika nyumba isiyotajwa, na jina la kampuni lililo juu si la ofisi ya Wundanyi. Akamrudisha. Akamwambia, "Utalia leo, lakini afadhali urudi kutoka hapa kuliko kutoka kule." Wakesho alipiga simu kwa Mwalimu hadi betri ikaisha. Haikupokewa.

Hapo ndipo angerudi nyumbani, na hadithi ingekuwa fupi. Lakini aliyakumbuka mashada yale. Alimkumbuka mama mlangoni. Akapanda basi la Mombasa, akashuka Voi, na badala ya kupanda gari la kuja huku milimani akaingia mkahawa mmoja karibu na stendi akaomba kazi ya kuosha vyombo. Alijitanda leso hadi machoni, akasema anaumwa meno. Kila alipomwona mtu wa kwetu akipita, na Voi watu wa kwetu hawakosekani, alirudi nyuma jikoni.

Baada ya wiki mbili alipiga simu ya mezani ya parokia, ile isiyoonyesha namba. Akamwambia katekista amefika salama, kazi ni nzuri. Katekista akatangaza kanisani. Nami, jamani, nilisimama nikashukuru kwa niaba ya ukoo. Jioni ile ile Mwalimu Mwandoe alipita kwetu kumpongeza mama. Alikuwa anajua Wakesho alirudishwa, maana aliziona simu zote zile alizompigia kutoka uwanja wa ndege, akakataa kuzipokea. Alikunywa uji wa mama, akaaga.

Baada ya tangazo lile wasichana wakamiminika ofisini kwake. Mmoja kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto alisafiri kabla ya mwezi kwisha. Wa pili alikuwa Mghoi, binti wa jirani yetu, miaka ishirini tu. Mama yake aliniomba nimsindikize hadi Voi akapande basi la Nairobi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye uzoefu. Alisema hivyo: mwenye uzoefu.

Tulifika Voi saa tano asubuhi, basi bado. Tukaingia mkahawa ulio karibu, tukaagiza chai na mandazi. Mghoi alikuwa na furaha hata hakuweza kula. Akawa anamwambia mhudumu, anamwambia na mzee wa meza ya pili, kwamba anakwenda ng'ambo, na kule yuko dada yake wa jirani, Wakesho, atampokea.

Nyuma ya dirisha la jikoni, sauti ya sahani ikakoma.

Mwanamke mmoja akatoka, mikono ina povu hadi kwenye viwiko. Akasimama mbele ya meza yetu. Nilidhani anataka kuchukua vikombe.

"Mghoi," akasema, "usipande hilo basi."

Akashusha leso.

Ningependa kuwaambia nilimkumbatia. La. Jambo la kwanza nililofanya ni kugeuka kuangalia nani katuona.

"Dada Mkamburi," akaniambia, "ni mimi."

"Wakesho! Wewe si uko… Tangu lini uko hapa?"

"Sikwenda popote. Nilirudishwa siku ileile."

"Na ile simu ya parokiani?"

"Nilipiga kutoka kibanda kile pale." Akamgeukia Mghoi. "Mwajiri wako anaitwa nani?"

Mghoi akafungua bahasha yake. Karatasi nne za Kiarabu.

"Mwalimu alisema nitajua nikifika," akajibu.

"Hata mimi alinitaka nijue nikifika. Rudi nyumbani, mdogo wangu. Ukinicheka, nicheke, lakini urudi."

Basi la Nairobi lilipofika halikumbeba Mghoi. Tulirudi watatu. Njiani nilikaa kiti cha nyuma yao, maana kama Wakesho angenikumbusha kuhusu mguu ule chini ya meza sijui ningejificha wapi. Hakunikumbusha. Hajanikumbusha mpaka leo.

Jumapili ilipofika aliomba nafasi wakati wa matangazo. Kanisa lilijaa. Mwalimu Mwandoe alikuwa kiti cha mbele, pale alipozoea kukaa. Wakesho alisimama bila leso kichwani.

"Mlinisindikiza kwa nyimbo," alisema, "na mimi nikawadanganya. Nilikuwa Voi, naosha vyombo. Siku ya kutia sahihi nilikuwa na swali kinywani nikalificha, niliona haya mbele ya mtu ninayemheshimu. Kwa kuficha swali moja nimeficha uso miezi mitatu. Na kwa kuficha uso nimewaacha watoto wenu wanifuate mahali nisipokwenda."

Mama mmoja pale nyuma alipiga yowe. Alikuwa mama wa yule binti wa ng'ambo ya mto. Mwalimu aliinuka akatoka kwa mlango wa pembeni, na kabla ya jua kuchwa ofisi yake ilikuwa na kufuli. Polisi walimpata baadaye pwani. Akakiri kwamba namba ya leseni aliyokuwa akitumia ilikuwa ya watu wengine. Yule binti alichukua miezi minane kurudishwa. Sista Ligaya ndiye aliyeandika barua moja baada ya nyingine, Wakesho akizipeleka Nairobi kwa mkono wake. Binti alirudi hai, ila hapendi kuzungumza, na mama yake hajanisalimia tangu hapo. Simlaumu. Ni tangazo letu lililompeleka.

Wakesho alikuja kusafiri kweli, miaka miwili baadaye. Safari hii alikwenda kwanza ofisi ya serikali akauliza, akaonyeshwa jina la wakala katika orodha na kazi yenyewe imeandikishwa. Akadai mkataba wa Kiswahili au Kiingereza, akausoma wote, akauliza maswali hadi karani akamwomba apumzike kidogo anywe maji. Alipika katika jiko la hospitali miaka minne, akarudi kwa miguu yake. Hakutaka aimbiwe alipoondoka, wala aliporudi.

Yale maneno aliyoyasema kanisani watu waliyashika, wakayafupisha, yakashuka milimani hadi Voi na huko mlikoyasikia. Wengi hawajui yalitoka kwa nani. Mimi najua, na kila nikiyasikia uso wangu hupata moto, kwa sababu swali lile halikufichwa na mtu mmoja. Tulilificha wawili. Basi mwambieni huyo kijana aulize, hata kama wakala ni mjomba wake, hata kama wakubwa wake wanamkonyeza anyamaze. Mficha swali mwisho huficha uso.